Je, Wajua? Mtandao Uko Juu ya Paa, Ruta Iko Chini ya Bati

Bando lipo, taa za ruta zinawaka zote, mnara unaonekana kwa macho kutoka barazani, na bado video inazungusha duara. Wengi hapo hukimbilia kubadili laini. Leo safu hii inapanda ngazi kuiangalia antena ya nje: inafaa wapi, haifai wapi, na pesa za mnunuzi hupotelea wapi.

KABLA HUJATOA PESA

Je, wajua kwamba antena haizalishi mawimbi hata chembe? Antena ya kawaida ya nje haina betri wala haichomekwi kwenye umeme. Kazi yake ni kukusanya mawimbi ya upande mmoja na kuyapuuza ya pande nyingine, kama mtu aliyeweka kiganja nyuma ya sikio. Pasipo na mawimbi kabisa, antena ya bei yoyote ni pambo la paa. Palipo na mawimbi hafifu ndipo inapoonyesha kazi yake.

Je, wajua kwamba vile vijiti vya mtandao kwenye simu havina kipimo cha pamoja? Kila mtengenezaji huamua mwenyewe kijiti cha tatu kiwake lini. Simu mbili zenye laini za kampuni moja zinaweza kulala meza moja, hii ikaonyesha vijiti vinne na ile viwili, na zote zikawa zinapokea sawasawa.

Kipimo cha kukiamini ni dBm, nacho husomwa kwa namba za hasi. Kwenye 4G, namba inayoitwa RSRP ikiwa -80, huna shida. Ikiwa -100, mtandao unajikongoja. Ikiwa -120, uko ukingoni na muda wowote utadondoka. Ruta nyingi hukuonyesha namba hiyo ukifungua ukurasa wake wa ndani kwenye kivinjari. Kwa ruta nyingi za Huawei anwani yenyewe ni 192.168.8.1.

Je, wajua kwamba karibu na namba hiyo kuna nyingine, SINR, ambayo mara nyingi ndiyo yenye siri? RSRP inakwambia mawimbi yana nguvu kiasi gani. SINR inakwambia ni safi kiasi gani. SINR ikipita 20, ni safi sana. Ikiwa 0, kelele na ujumbe vimelingana nguvu. Nyumba iliyo katikati ya minara mitatu ya kampuni moja inaweza kuwa na nguvu tele na usafi mbovu, kwa kuwa minara inaingiliana. Hapo antena inayotazama upande mmoja husaidia kwa kuiziba minara mingine kuliko kwa kuongeza nguvu.

Hesabu ya desibeli ni fupi: kila 3 zikiongezeka, nguvu imekuwa mara mbili, zikiongezeka 10, mara kumi, zikiongezeka 20, mara mia. Kwa hiyo kutoka -110 hadi -95, ambako kwa macho ni hatua ndogo, ni nguvu ya zaidi ya mara 30.

Je, wajua kwa nini mawimbi safi huleta kasi bila wewe kubadili bando? Mnara wa 4G hupima kwanza hali yako, kisha huamua ukufungie mzigo gani. Hali ikiwa mbaya, hupakia biti 2 tu kwenye kila alama inayorushwa. Ikiwa nzuri hupakia 6, na penye hali nzuri sana, 8. Anayepokea vibaya hutumia muda mwingi zaidi wa mnara kwa faili lile lile, kwa hiyo hata jirani zake hupunguziwa nafasi.

NYUMBA INAYOKULA MTANDAO

Je, wajua kwamba nyumba ya kawaida ya matofali inaweza kula desibeli 10 hadi 20? Kwa maneno mengine, mawimbi yanayofika kwenye ruta sebuleni yanaweza kuwa sehemu moja ya kumi, au moja ya mia, ya yale yaliyofika ukutani nje.

Bati ni kali zaidi. Mawimbi ya redio yakigonga chuma hurudi yalikotoka, hivyo katika nyumba yenye bati juu na bati ubavuni, mtandao huingia kwa dirisha na mlango tu. Ndiyo maana kuisogeza ruta kutoka kabatini hadi dirishani kunaweza kufanya kazi ambayo mtu alikuwa tayari kuilipia.

Paa la makuti, kinyume chake, huyapitisha mawimbi vizuri likiwa kavu. Lakini kuta za matumbawe za nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye unene unaofika nusu mita, huyameza. Zilijengwa kuzuia joto, na zinazuia zaidi ya joto.

Je, wajua kwamba hata kioo kinaweza kuwa ukuta? Vioo vya majengo mapya vilivyopakwa utando mwembamba wa madini ili kupunguza joto la jua hurudisha pia mawimbi ya simu. Ofisi ya ghorofa ya kumi yenye vioo vitupu inaweza kuwa na mtandao dhaifu kuliko kibanda cha chips kilicho chini yake.

Na mvua? Inasingiziwa. Kwenye masafa ya 4G, matone ya mvua hayapunguzi kitu cha kuhesabika. Anayeumia ni mwenye dishi la setilaiti, ambalo hutumia masafa ya juu zaidi. Kinachokuumiza wewe ni miti: majani mabichi yaliyolowa hunyonya mawimbi. Ukiona mtandao unalegea kila masika, mtazame mwembe kabla ya kuyalaumu mawingu.

MNARA NA UMBALI

Je, wajua kwamba mnara wa mita 30 na antena iliyoinuliwa mita 6 vinaweza kuonana kwa umbali wa takriban kilomita 32 kwenye ardhi tambarare? Baada ya hapo, mviringo wa dunia huingia katikati. Bila shaka vilima, minazi na maghorofa havisubiri mviringo wa dunia.

Je, wajua kwamba simu ya 2G iliyo zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani hukataliwa na mnara wa kawaida hata ikiwa inasikika vizuri? Sababu ni muda. Mfumo wa GSM uliachia nafasi ndogo ya kusubiri mawimbi yanayochelewa njiani, na nafasi hiyo inaishia kilomita 35. Wasanifu wa 4G waliipanua hadi kilomita 100.

Mawimbi hayahitaji tu kuona mnara. Yanahitaji na uwazi pembeni. Mnara ukiwa umbali wa kilomita 5 na ukitumia MHz 800, uwazi unaotakiwa katikati ya safari una nusu kipenyo cha takriban mita 22. Mti usiogusa kabisa mstari kati yako na mnara bado unaweza kupunguza unachopokea. Ndiyo maana bomba la mita mbili zaidi juu ya paa mara nyingine hushinda antena ya bei mara mbili.

Je, wajua yale madishi ya mviringo mnarani si ya kwako? Yale huunganisha mnara na mnara mwenzake. Wewe unahudumiwa na zile paneli ndefu nyembamba, ambazo kwa kawaida hupangwa pande tatu, kila upande ukitazama eneo la nyuzi 120. Ukikaa mpakani mwa pande mbili, unaweza kuwa karibu na mnara na bado ukapata makombo.

Mnara wa karibu si lazima uwe bora. Saa mbili hadi saa nne usiku, mtaa mzima uko mtandaoni, na mnara wa karibu unagawa kasi kwa watu wote. Antena ikigeuzwa kwenye mnara wa mbali usio na watu wengi, namba ya RSRP inaweza kushuka na kasi ikapanda. Fundi anayejua kazi hupima kasi usiku, si mchana peke yake.

SAUTI YAKO NDIYO NDOGO

Je, wajua kwamba simu au ruta ya 4G kwa kawaida hairuhusiwi kurusha zaidi ya miliwati 200 hivi, wakati mnara hurusha makumi ya wati? Ndiyo maana kwenye simu ya video unamwona shangazi vizuri, naye anakwambia umeganda. Yake yanafika kwako, yako hayamfikii. Antena ya nje huongeza njia zote mbili kwa kiwango kile kile, kwa kuwa inavyosikia ndivyo inavyosema.

Ukitaka ushahidi wa nguvu ya antena kuliko nguvu ya mtambo, angalia chombo cha anga Voyager 1, kilichorushwa 1977. Kina mtambo wa redio wa wati 23 hivi, chini ya balbu ya zamani, na antena ya mita 3.7. Kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa na bado kinasikika, kwa sababu upande huu wa dunia kuna sahani za mita 70 zinazokisikiliza.

Pwani yetu nayo imo katika kazi hiyo. Karibu na Malindi kuna kituo cha anga cha Luigi Broglio, na antena zake zilikuwa miongoni mwa zilizopokea taarifa za darubini ya James Webb iliporushwa tarehe 25 Desemba 2021.

VIJITI, PANELI NA UONGO WA DUKANI

Je, wajua kwamba ile antena ya vijiti inayoitwa Yagi ni kazi ya watu wawili? Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi walikuwa chuo kimoja huko Sendai, Japani, na waliitangaza mwaka 1926. Uda alifanya sehemu kubwa ya majaribio. Jina lililobaki midomoni ni la Yagi. Inasimuliwa kwamba Wajapani walipokamata karatasi za rada za Waingereza huko Singapore mwaka 1942 waliliona neno hilo wasilielewe, mpaka mfungwa wa Kiingereza alipowaambia ni jina la profesa wa Kijapani.

Je, wajua kwamba unaweza kukagua Yagi kwa rula? Vijiti vyake huwa karibu na nusu ya urefu wa wimbi inalopokea. Kwa MHz 800, vijiti ni takriban sentimita 18. Kwa MHz 1800, ni kama sentimita 8. Ukiuziwa Yagi ya 4G "ya masafa yote" na vijiti vyake vyote vina urefu mmoja, muulize muuzaji masafa yote yameingiaje humo.

Asiyejua mnara wake unatumia masafa gani husaidiwa na antena ya vijiti vinavyopungua urefu kuelekea mbele. Aina hiyo ilibuniwa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1950. Hupokea masafa mapana, ingawa huvuta kidogo kuliko Yagi ya ukubwa uleule.

Je, wajua kwamba sehemu ya masafa yanayokuletea intaneti ilikuwa mali ya televisheni? Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam. Kenya ikakamilisha 2015. Kuhama huko ndiko kulikofungua njia ya masafa ya MHz 700 na 800 kwenda kwa mitandao ya simu. Ni masafa yanayosafiri mbali na kupenya ukuta vizuri, ndiyo maana hupendwa vijijini. Masafa ya juu, kama MHz 2600, hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema.

Je, unaweza basi kutumia antena kuukuu ya TV? Hata kama itanasa kitu, waya wake ni wa omu 75, na ruta inataka omu 50. Tena ruta ya 4G inataka antena mbili. Acha ipumzike.

Na sasa ule uongo mkubwa: paneli ndogo yenye maandishi "35 dBi", yaani desibeli 35 za kuvuta mawimbi. Ili antena ifikie 35 dBi kwenye MHz 1800, inatakiwa sahani yenye kipenyo cha karibu mita 4. Paneli ya ukubwa wa sinia ikikupa 9 au 10, imejitahidi. Anayekuuzia 35 kwenye kiboksi cha kushika kwa mkono mmoja anakuuzia stika.

WAYA NDIO MWIZI

Je, wajua kwamba waya unaweza kula antena yote? Waya mwembamba wa RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye MHz 1800. Tufanye umenunua antena ya desibeli 10 na ukaishusha sebuleni kwa mita 10 za waya huo. Antena imeingiza 10, waya umetoa karibu 10. Umelipa fundi, umetoboa dari, na kilichobaki ni faida ya kimo tu. Waya mnene wa LMR-400 kwa urefu uleule hupoteza takriban desibeli 2.

Kwa sababu hiyo mafundi wengi siku hizi hufanya kinyume: ruta yenyewe ndiyo hupandishwa juu, ile ya kukaa nje isiyoingia maji, na kinachoshuka ni kebo ya ethaneti. Kebo hiyo hubeba data ambayo tayari imeshasomwa, haipunguzi kasi, na huvumilia hadi mita 100. Umeme wa ruta hupanda kwa kebo hiyohiyo. Kwa modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta, kebo ya USB ya hadi mita 5 hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo zaidi.

Je, wajua kwa nini ruta ya 4G ina matundu mawili ya antena? Mnara hurusha mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja, mmoja umeinama nyuzi 45 kulia na mwingine nyuzi 45 kushoto. Ufundi huo huitwa MIMO. Ukichomeka antena moja tu, unaweza kuutupa mkondo wa pili, na kasi ikashuka hata kama nguvu imepanda. Yagi mbili za 4G zikifungwa vizuri huinama kila moja upande wake, zikafanya umbo la X.

Konekta nazo zina ujanja. SMA ya antena ya simu ina pini katikati; RP-SMA ya antena ya Wi-Fi, inayofanana nayo kwa nje, haina. Uzi wake unakubali, inakaza vizuri kabisa, na ndani hakuna kinachogusana. Tazama ndani ya tundu kwanza. Kisha ingia kwenye mipangilio: ruta nyingine hubaki kwenye antena zake za ndani mpaka uchague antena ya nje.

Wakati wa kugeuza, kawia. Fundi yuko juu, mtu yuko chini na simu: "Bado… rudisha kidogo… hapo hapo!" Shida ni kwamba namba kwenye ruta huchukua sekunde kadhaa kubadilika. Geuza nyuzi chache, tulia, soma, andika, ndipo ugeuze tena. Yagi ya kawaida huvumilia kosa la nyuzi kumi. Dishi kubwa halivumilii.

RADI, CHUMVI NA SHERIA

Je, wajua kwamba Kabare, katika Kivu ya Kusini, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani? Uchambuzi wa takwimu za setilaiti uliotolewa 2016 uliipa mimweko zaidi ya 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Anayeinua bomba la chuma juu ya paa, Bukavu au Kisumu, afunge waya wa ethi kwenye bomba na kizuia radi kwenye waya wa antena. Na bomba lisisimamishwe mahali ambapo likianguka litagusa nyaya za umeme.

Pwani adui ni chumvi. Konekta isiyofungwa vizuri hufunguliwa baada ya muda ikiwa na unga wa kijani kwenye shaba, na mtandao ulishaondoka zamani. Izungushie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, na kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie kidogo chini ya tundu, maji yadondoke nje.

Kikuzaji cha umeme, kile kinachoitwa busta, si antena. Kinarusha mawimbi, na kibovu chake kinaweza kuuziba mnara masikio kwa mtaa mzima. Vifaa vya mawasiliano vinahitaji idhini, kwa TCRA Tanzania na kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya. Ulizia kabla ya kununua.

PALE ANTENA INAPOSHINDWA

Je, wajua kwamba mnara uliwahi kuelea angani Kenya? Julai 2020, mradi wa Loon ulianza kuhudumia wateja wa Telkom Kenya kwa maputo yaliyopaa kilomita 20 hivi juu. Mwaka uliofuata ulifungwa kwa gharama. Antena yako ingeelekezwa wapi, ikiwa mnara wenyewe unasafiri na upepo?

Je, wajua kwamba tarehe 12 Mei 2024 hakuna antena Dar es Salaam au Nairobi ambayo ingesaidia? Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. RSRP ilibaki nzuri, SINR nzuri, na kurasa hazifunguki.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni cha bure. Chukua laini ya ruta, itie kwenye simu, soma RSRP na SINR sebuleni, kisha usawa wa paa, kwa simu hiyohiyo. Ikiwa ndani ni -112 na juu ni -95, nyumba inakula mtandao, na antena italipa gharama yake. Ikiwa ndani na nje ni sawa, namba zote nzuri, na bado kasi ni ya kinyonga mchana na usiku, tatizo liko ng'ambo ya mnara. Hapo ngazi irudishe stoo, piga simu huduma kwa wateja.